Barua ya wazi kwa wasimamizi wa malikale na utalii wa ndani: njia ya misafara haikuanzia wala kuishia ufukweni Bagamoyo

Nkuhungu, Dodoma

Kwa waheshimiwa viongozi wote mliopewa dhamana ya malikale na utalii wa ndani,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU TUNAVYOPOKELEWA BAGAMOYO SISI WATU WA BARA, NA HISTORIA YETU INAVYOACHWA NJIANI

Shikamooni waheshimiwa.

Nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya kimya kimya nimeshaimaliza. Nilianza na barua ya kawaida, nikaipeleka kwa mkono wangu mwenyewe maana naishi Dodoma na ofisi nyingi saizi zimehamia huku huku kwetu, sio kama zamani mtu wa Dodoma alikuwa anapanda basi kwenda Dar kufuatilia faili moja. Nakala yangu ikagongwa muhuri. Nikarudi nikaambiwa barua iko juu kwa bosi, nikarudi tena nikaambiwa imeshuka kwa mhusika, mhusika yuko safari, baadae nikaambiwa inafanyiwa kazi, na namba ya simu niliyopewa ikawa inaita mpaka inakata. Dada wa mapokezi nampa heshima yake, alinisikiliza vizuri kila nilipoenda na wala sio yeye mwenye maamuzi. Wenye maamuzi ni nyinyi, ndio maana leo naandika ili na wananchi wengine wasome, na naamini wapo wengi yaliwakuta kama yetu wakanyamaza.

Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari. Likizo hii mimi na marafiki zangu tulijaza mabegi ya mgongoni tukaenda Bagamoyo, hatukuwa na gari wala kampuni ya kututembeza, kila mtu na hela yake aliyojibana. Mmoja wetu ni Mgogo wa Mpwapwa, fundi ujenzi, mwingine Mnyamwezi wa Tabora anafanya biashara hapa mjini, mwingine nesi mzaliwa wa Kondoa, na mimi wa hapa hapa Dodoma mjini. Tulipandia basi stendi ya Nanenane, tukashuka Chalinze, tukaunga gari ya Msata, Msata tukapata kosta ya kutuingiza Bagamoyo, mabegi tumeyapakata magotini njia nzima na tuna furaha kweli kweli.

Naomba mwelewe kwanini tuliichagua Bagamoyo na sio sehemu nyingine ya pwani yenye mchanga mzuri. Darasani nafundisha biashara ya masafa marefu, nachora ramani ubaoni, mstari unatoka Ujiji unapita Tabora unakatisha Ugogo unashuka mpaka baharini, na watoto wananiuliza, mwalimu, huo mstari unapita wapi hapa kwetu? Unapita kwetu kabisa. Misafara ikitoka Bagamoyo ilikuwa inafika Mpwapwa inapumzika na kujaza maji, manake mbele yake ni nyika ya Marenga Makali, pakavu, na maji yake machungu hayanyweki, ukishavuka pale ndio unaibukia Mvumi na vijiji vingine vya Wagogo. Wapelelezi wa Kizungu walipita, Burton na Speke 1857, Stanley 1871, na wote walitozwa ushuru na watemi wa Kigogo, wakalipa vitambaa vya kaniki na merikani, shanga na nyaya za shaba, kwa sababu visima vilikuwa vya Wagogo na chakula cha kununua kilikuwa cha Wagogo. Huwezi kuielezea Bagamoyo ukairuka Dodoma. Ule mji ulikua kwa sababu ya pembe za ndovu na watu waliotoka huku bara, bila bara Bagamoyo ingebaki kijiji cha wavuvi na wachemsha chumvi.

Sasa haya ndio yaliyotukuta, na kila moja nalielezea kwa kadri linavyoniuma, yapo ya maneno mengi na yapo ya maneno machache.

1. Historia inayosimuliwa pale sio yetu

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kijana aliyetutembeza alikuwa mchangamfu na anajua tarehe vizuri, sina neno baya juu yake, anasema alichofundishwa. Tulipofika misheni ya Roho Mtakatifu, ile iliyoanzishwa 1868, akatuonyesha mnara wa kanisa la zamani akatueleza kwamba mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kizungu, ulilazwa pale Februari 1874 kabla haujavushwa kwenda Zanzibar na baadae London. Tukamuuliza nani waliuleta. Akajibu, watumishi wake. Tukasubiri aendelee, akageukia kitu kingine.

Waheshimiwa, wale watu wana majina. Chuma na Susi. Livingstone alifariki Mei 1873 kwenye kijiji cha Chitambo ambako leo ni Zambia, moyo wake ukazikwa kule kule chini ya mti, mwili wakaukausha kwa chumvi na jua wakaufunga, alafu watu kama 60, na wanawake walikuwemo, wakaubeba kwa miguu wakafika Unyanyembe, yani Tabora ya leo, ndio wakashuka mpaka pwani, safari ya miezi mingi, wengine walikufa njiani. Kitendo kile kimefanywa na Waafrika, na mimi naona ni moja ya safari kubwa kabisa zilizowahi kutembewa na binadamu kwenye ardhi hii. Alafu pale inapoishia safari yenyewe, kijana wa Kitanzania anawaambia Watanzania wenzake "watumishi wake" basi.

Ikawa hivyo hivyo Caravan Serai, pale misafara ilipokuwa inafikia na kujipanga. Tukaambiwa habari za watumwa na minyororo, ambazo ni za kweli na lazima zisemwe, mateso yale hayatakiwi kufichwa hata chembe. Ila kila Mwafrika aliyefika Bagamoyo akiwa na mzigo kichwani anasimuliwa kama mtumwa, na hiyo sio kweli. Wanyamwezi kwa maelfu walikuwa wapagazi wa kulipwa, walipatana ujira, waligoma wakionewa, na ilifika wakati kijana wa Kinyamwezi kwenda pwani na kurudi ndio ilikuwa kipimo cha utu uzima. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 30, miezi mitatu njiani. Hata utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani mpaka kwenye misiba unahusishwa na safari zile, maana watu walizikana ugenini wakawa ndugu. Mwenzetu wa Tabora alisimama pale akamuuliza yule kijana kwa upole kabisa, kaka, babu zangu wako wapi kwenye hii stori? Kijana hakuwa na jibu. Na mimi simlaumu, nawalaumu mnaoandaa maelezo anayokaririshwa.

Nenda sasa ufukweni. Makaburi ya Wajerumani yana majina na miaka imeandikwa, mtu unasoma huyu alikufa 1889, huyu mwaka fulani. Sio mbali na hapo ni mahali ambapo Wajerumani walinyonga watu waliokataa kutawaliwa, kuna kumbukumbu imewekwa ndio, lakini majina hamna, walitoka wapi hamna, walifanya nini hamna. Vita vya Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, vimesemwa kwa sentensi moja. Yani hatukuambiwa hata kwamba 1889 Abushiri aliposukumwa kutoka pwani alipanda mpaka Mpwapwa akakishambulia kituo cha Wajerumani kule, ndio baadae akakamatwa na kunyongwa Pangani Desemba mwaka huo huo. Mwenzetu wa Mpwapwa, mtu mzima na familia yake, alilisikia hilo kutoka kwangu, nje, tumekaa kwenye kivuli, sio kutoka kwa kituo tulicholipia kiingilio. Ilimuumiza. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Na kuna sehemu moja tuliyopita, jina lake silitaji, maelezo ukutani yalikuwa lugha za kigeni peke yake. Nesi wetu anasoma Kiingereza bila shida, ila alisema mama yake akija hapa ataangalia picha tu arudi Kondoa.

2. Mwananchi mwenye begi hahesabiwi kama mtalii

Geti la kwanza tulilofika tuliulizwa, wageni wenu wako wapi? Tukasema wageni ni sisi. Mlinzi akatuangalia, akaangalia mabegi, akasema subirini pembeni kwanza. Tukasubiri. Ikaja gari na wageni kutoka nje ya nchi, wakapokelewa vizuri sana, wakapewa mtu wa kuwatembeza, wakaingia, sisi bado tuko pembeni juani. Sina kinyongo na wale wageni, mmoja wao hata alitugawia maji, na napenda wapokelewe hivyo hivyo maana Watanzania ndivyo tulivyo. Ninachouliza ni kwanini mtoto wa nchi hii akija kwa heshima na hela yake mkononi anaonekana kama amekuja kuvizia kitu.

Jioni tukatafuta pa kulala. Sehemu mbili tulitajiwa bei kwa dola. Dola, Bagamoyo, na sisi tumetoka makao makuu ya nchi! Kanuni zilizotoka 2025 zimeshakataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, sasa nani anasimamia? Tukaishia gesti ya ndani ndani, mama mwenye gesti akatupokea kama wanae, akatupikia wali na samaki wa nazi, Mungu ambariki yule mama, ila hakuna kibao chochote wala karatasi yoyote mjini inayomwambia msafiri wa kawaida kwamba gesti za bei nafuu ziko mtaa gani. Yeye mwenyewe alituambia vijana wa Kitanzania wenye mabegi wanakuja wengi siku hizi na wengi wanarudi Dar jioni ile ile kwa kukosa pa kulala wanapopamudu. Hiyo ni hela ya Bagamoyo inaondoka na daladala ya jioni.

3. Malipo hayaeleweki

Sehemu moja tulipewa kontroo namba tukalipa kwa simu, safi kabisa, ujumbe ukaingia, tukafurahi. Sehemu nyingine tulitajiwa bei mdomoni, tulipoomba risiti tukaambiwa mtandao uko chini, tukaomba ya kuandikwa kwa mkono, kitabu kimeisha. Alafu mtaani kuna watu wanakufuata wanasema bila wao hauruhusiwi kuutembea mji mkongwe, na bei yao inabadilika kulingana na ulivyovaa. Hatukuona ubao popote ulioandikwa mwananchi analipa kiasi gani, mwanafunzi kiasi gani, mgeni kiasi gani, na muongozaji halali anatambulikaje. Sisi hatukatai kulipa, naomba hilo lieleweke vizuri, tunakataa kulipa gizani.

4. Majengo yanaoza, na mengine yanauliwa na ukarabati

Hapa nampisha fundi wetu wa Mpwapwa, manake yeye ndiye aliyesimama mbele ya kuta zile muda mrefu kuliko sisi wote. Nyumba za mji mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na boriti za mikoko juu. Ukuta wa namna ile unavuta unyevu na kuutoa, unapumua. Sasa mtu anakuja anaupiga sementi nje na ndani ili uonekane mpya, unyevu na chumvi ya bahari vinafungiwa ndani, ukuta unaanza kumomonyoka kutokea moyoni, plasta inabanduka na jiwe lake, boriti zinaoza. Fundi akasema hata tembe la Kigogo ukilipiga sementi juu ya udongo linapasuka vile vile, bibi yake aliwahi kuharibiwa tembe kwa mtindo huo. Tumeona nyumba zenye sementi ya namna ile, tumeona na zilizobaki kuta tupu, mti umeota katikati ya chumba, na mizizi imeshika dirisha.

Mnajua wenyewe uzito wa mji huu. Ngome Kongwe ni ya 1860. Bagamoyo ndiyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani kabla hawajahamia Dar es Salaam 1891, na boma lao wakalijenga 1897. Kaole pale karibu kuna msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya matumbawe ambayo yamesimama kabla ya Mreno yeyote kuiona bahari hii. Huyu Sewa Haji Paroo ambaye watu wanalijua jina lake kwa sababu ya wodi ya Sewahaji pale Muhimbili alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo, na utajiri wake ulitokana na kuiandalia misafara bidhaa na wapagazi. Mji mdogo vile umebeba yote haya na bado unaachwa ubomoke mvua hadi mvua.

Milango nayo. Kuna fremu tumezikuta hazina mlango, na wenyeji wanakwambia bila kuficha kwamba milango ya kuchonga inanunuliwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 imeitaja milango ya kuchonga ya kabla ya 1940 kama kitu kinacholindwa. Imeitaja wazi kabisa! Kwahiyo silaha mnayo mkononi.

5. Kufunga siku ambazo ndio tunapata nafasi

Hili fupi. Mfanyakazi wa Kitanzania anapata nafasi sikukuu na wikiendi. Sikukuu tulikuta sehemu moja imefungwa, mwenye ufunguo amekwenda kwao, hakuna tangazo mlangoni. Vyoo navyo sehemu mbili havikuwa na maji, na kwa dada zetu hilo sio dogo.

6. Njia imekatwa, vituo vya bara vimesahaulika

Mwaka 2006 nchi yetu iliipeleka njia hii ya kati ya biashara ya utumwa na pembe za ndovu kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia UNESCO. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Vituo sita, na vyote isipokuwa Bagamoyo viko bara, Mpwapwa iko mkoa wetu wa Dodoma na Kilimatinde iko kwa jirani zetu Manyoni. Mwaka huo huo wa 2006 michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye orodha kamili, tukashangilia. Njia ya misafara imebaki kwenye orodha ya awali.

Tuliporudi kutoka Bagamoyo tuliamua likizo isiishe hivyo hivyo, tukapitiliza kwenda Mpwapwa kwa mwenzetu. Tukawauliza vijana wa bodaboda pale stendi, kituo cha misafara kilikuwa wapi? Hakuna aliyejua. Hatukuona kibao barabarani. Mzee mmoja jirani wa familia ya mwenzetu ndiye aliyetusimulia, kwa kichwa chake mwenyewe, habari za misafara alizosimuliwa na babu yake, maji yalichotwa wapi, njia ya Chunyo ilipitaje, watu walijificha wapi wakisikia bunduki. Mzee ni mtu mzima sana. Hakuna mtu kutoka ofisi yoyote aliyewahi kwenda kumrekodi. Mimi nilimrekodi kwa simu yangu, kwa ruhusa yake, lakini mimi ni mwalimu mmoja na simu moja, na wazee kama yeye wako kila kijiji kuanzia Mamboya mpaka Kwihara, na kila msimu wanaondoka.

Sasa najua majibu yatakayokuja, mengine nimeshayasikia kaunta.

Mtasema bajeti ni ndogo. Naelewa, nchi ina mahitaji mengi na mimi darasani kwangu najua maana ya kukosa chaki. Ila ubao wa bei hauhitaji bajeti kubwa, kuandika majina ya Chuma na Susi kwenye maelezo hakuhitaji mkopo wa nje, kumwambia mlinzi amkaribishe Mtanzania hakuhitaji hata shilingi.

Mtasema vijana wa Kitanzania hawapendi historia. Hapana waheshimiwa, hilo nalikataa kwa nguvu zote. Mimi nakaa na vijana kila siku. Nikiwaambia watoto wa Chamwino kwamba Stanley alilipa ushuru kwa wazee wao kijiji cha Mvumi, darasa zima linaamka. Hawapendi historia ambayo wao hawamo, na hiyo hata mimi siipendi.

Mtasema nyumba nyingine ni mali za watu binafsi hamwezi kuingilia. Sheria ya malikale nimeshaitaja, na hata pale ambapo nyumba ni ya familia, familia hiyo inahitaji ushauri wa fundi na chokaa kwa bei nafuu, haihitaji barua ya vitisho. Mwenye nyumba anapiga sementi kwa sababu ndiyo anayoiona dukani. Mfundisheni mtu wake.

Mtasema Dodoma mbali. Ilikuwa. Tangu 2024 treni ya SGR inatoka Dodoma asubuhi na unawahi Dar mchana ukiwa na nguvu zako, na kutoka Dar mpaka Bagamoyo ni kilomita 70 na kitu za lami. Watu wataenda kwa wingi sasa kuliko wakati wowote, ndio maana haraka yangu iko hapa, mkichelewa watakaoenda watakutana na haya haya tuliyokutana nayo sisi na hawatarudi.

Na kuna jibu la kwamba mwalimu apitishe malalamiko kwa ngazi husika. Nimeipanda hiyo ngazi, muhuri ninao.

Tunachoomba ni hiki. Maelezo ya vituo vya Bagamoyo yaandikwe upya kwa Kiswahili kwanza, na ndani yake wawemo wapagazi, wawemo Wanyamwezi na Wagogo na Wasagara na Wazaramo, wawemo Chuma na Susi kwa majina, wawemo walionyongwa na Wajerumani kadri majina yao yatakavyopatikana kwenye nyaraka za Wajerumani wenyewe na kwenye kumbukumbu za familia. Waongozaji wapewe mafunzo mapya juu ya hayo, na mkitaka walimu wa historia wa kujitolea kutoka mikoa ya njia nzima, mimi wa kwanza, na nina wenzangu Tabora na Manyoni wako tayari.

Bei zibandikwe kila geti kwa shilingi, malipo yote yawe kwa kontroo namba, na kila muongozaji halali avae kitambulisho chenye namba ya kupiga ukidhulumiwa. Sikukuu pafunguliwe. Vyoo viwe na maji.

Ukarabati wa sementi kwenye nyumba za matumbawe usimamishwe mpaka pawepo fundi anayejua chokaa wa kuusimamia, na milango iliyobaki ihesabiwe, ipigwe picha, iandikishwe nyumba kwa nyumba, na orodha hiyo iwe wazi kwa mtu yeyote kuiona, ili ukipotea mmoja ijulikane umepotea kutoka mtaa gani.

Na kwa upande wa huku kwetu, Mpwapwa na Kilimatinde ziwekewe vibao na mtu hata mmoja mmoja wa kupokea wageni, na wazee wa njia nzima warekodiwe mwaka huu, hili la wazee halivumilii kusubiri bajeti ijayo wala mkakati wowote. Wanafunzi wa vyuo wapo hapa Dodoma kwa maelfu, wapeni nauli na kinasa sauti watawafanyia kazi hiyo kwa moyo.

Naomba jibu la maandishi kabla shule hazijafungwa Desemba, maana nimewaahidi wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kwamba tutaifuata ile njia, tuanzie Mpwapwa tuishie Bagamoyo, na wazazi wameshaanza kuchanga. Nahitaji kujua nawaambia nini wazazi kuhusu bei, kuhusu malazi, na kuhusu nani atakayewapokea watoto getini. Nakala ya barua ya kwanza yenye muhuri ninayo, nitaileta siku yoyote mtakayoniita, ofisi zenu ziko karibu na ninapoishi.

Wenu katika kazi ya taifa,

Mwalimu wa historia, mkazi wa Nkuhungu, Dodoma,
kwa niaba yangu na ya marafiki niliosafiri nao wa Mpwapwa, Tabora na Kondoa